Samaki Sita wa Mzee Bonaventura

Tangi la kioo lilikuwa tupu. Samaki sita wa bahari, ambao Mzee Bonaventura aliwaleta Kigoma kwa treni kutoka Dar es Salaam na kuwalea kwa miaka minne, walikuwa wametoweka asubuhi ile ile ya kuhamia nyumba mpya mtaa wa Kasingirima.

"Ni huyu Mkongomani!" alifoka mzee. "Nilipokwenda kutafuta gari, nani mwingine alibaki humu?"

"Mkeo," alisema Inspekta Zefania.

"Mke wangu aniibie samaki?"

Mkongomani huyo alikuwa Leonia, mtumishi wa nyumba. Alikuwa amevuka ziwa mwaka uliotangulia, 1996, akikimbia vita. Kibali chake cha kuishi nje ya kambi kilikuwa tayari mkononi mwa Inspekta. Akishtakiwa angerudishwa kambini, na mama yake aliyelazwa hospitalini mjini angebaki peke yake. Inspekta alilijua hilo, wala halikumpa raha.

Akainama. Kando ya tangi palikuwa na alama ya duara sakafuni.

"Hapa palikaa nini?"

"Pipa la maji ya bahari. Akiba ya safari."

"Basi mwizi wetu kachukua na maji. Alitaka samaki waishi."

Inspekta aliokota sponji la kuchujia maji, akalinusa. Sabuni ya unga.

"Leonia, hili huoshwaje?"

"Kwa maji ya humo humo tangini, Papa. Mzee alinionya siku ya kwanza: sabuni itawaua."

"Nawe, Mama Veneranda?"

Mke wa mzee alijikaza. "Kwa sabuni, Inspekta, kama kitu kingine chocho..." Akajiziba mdomo.

"Samaki wako wapi, mama?"

"Wazima! Wako Katonga, kwa kaka yangu Feliksi." Machozi yakamtoka. "Nilitaka tangi liingie nyumba mpya likiwa safi. Nikafua sponji, nikalirudisha. Povu likajaa, samaki wakaanza kutweta. Nikawatia katika lile pipa, Feliksi akalipeleka kwa mkokoteni, nami nikamwaga maji yenye sabuni. Nilikusudia kumweleza mume wangu taratibu. Kumbe akarudi mapema, akapiga kelele za mwizi, akamtaja Leonia. Miaka yote hunicheka kwamba siwezi kutunza hata kuku. Nikaona haya."

"Haya yako ingempeleka binti huyu kambini."

"Ndiyo, Inspekta. Nililiona hilo, nikanyamaza."

Wote wanne wakapanda gari la polisi hadi Katonga. Walimkuta Feliksi amekaa kando ya pipa, anachota maji kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu ili samaki wapate hewa. Inspekta akahesabu. Sita, wazima.

"Shemeji, mmechelewa!" Feliksi alilalama. "Bega limekufa. Ziwa zima hili limejaa samaki, nami nabembeleza wa treni!"

Mzee akacheka, macho yamelowa. Kisha akamgeukia Leonia. "Binti yangu, nimekukosea mbele ya watu. Mbele yao nakuomba radhi."

"Nimesikia, Mzee."

Inspekta alimkabidhi kibali chake. Leonia akalisoma jina lake mara mbili, akashusha pumzi ndefu.

"Papa, saa ya kuona wagonjwa imepita?"

"Bado. Panda gari, nikufikishe."

"Na sisi?" aliuliza mzee.

"Ninyi mna mkokoteni," Inspekta alimjibu, akawasha gari.