Nani Aliongeza Maji?

Foleni ya malori ya zege ilikuwa imeziba mtaa mzima wa Chicago asubuhi ile ya Novemba, honi zikijibizana. Halina Wrona, mpima zege mwenye skafu ya rangi ya waridi juu ya koti la kazi, alikuwa amepiga magoti nyuma ya lori la tatu akistaajabu. Zege lilikuwa limetandaa kwenye bamba kama uji.

"Umeongeza maji?" akamuuliza dereva.

"Maji? Bibie, humu hata jasho langu siruhusu lidondoke!" Eliseo Barragán aliteremka, kofia upande. "Hiyo ni dawa ya kulainisha. Hili ni zege la nguzo za ghorofa hamsini, ukizidisha maji tu nguvu zimekwisha. Na hayo makopo ni ya nini?"

"Nalijaza humo. Likitimiza siku ishirini na nane, nalikandamiza kwa mashine mpaka lipasuke."

"Masikini! Limekukosea nini?"

Halina alicheka mpaka akasahau kuandika namba ya lori. Tangu siku hiyo Eliseo akawa anamletea tamali za moto, maandazi ya unga wa mahindi yenye nyama ndani, naye anamsimulia mambo ya maabara, maana kila mmoja alikuwa na hamu ya kujua kazi ya mwenzake. Kufikia Desemba walikuwa wakiitana mpenzi mbele za watu bila haya.

Siku ya ishirini na nane, vipande vya zege la lori la Eliseo vilipasuka mashineni kwa mzigo mdogo mno. Msimamizi wa ujenzi hakutaka maelezo: dereva ametia maji. Eliseo akasimamishwa kazi, akingoja kufukuzwa. Jioni akampigia Halina simu.

"Umeniandikia maji, mpenzi?"

"Nimeandika kipimo tu. Lakini Eliseo... uliongeza?"

"Kumbe hata wewe!" Akakata.

Halina alilia. Ila hata katika kulia kwake alijiuliza: kama si maji, ni nini? Kesho yake maabarani alichukua vipande vitatu vya akiba, akalaza rula juu ya kimoja. Mwanga ukapenya chini yake: kichwa cha kipande hakikuwa bapa. Ni yeye aliyevisaga vyote vichwa ili kuvisawazisha, mbiombio, kwa kuwa Eliseo alikuwa akimsubiri nje na chakula. Zege la kawaida lingevumilia; hili gumu, kichwa kisipokuwa sawa, mzigo wote hulemea upande mmoja likapasuka kabla ya kufikia nguvu yake. Akavisaga upya taratibu, akavitia kwenye mashine. Vilipasuka kwa kishindo cha bunduki, juu kabisa ya kiwango.

Angeweza kuitupia mashine lawama, na kazi yake ingebaki salama. Aliandika kwamba kosa ni lake, akatia sahihi, akaipeleka ripoti mwenyewe.

Jumamosi mchana alibisha mlangoni kwa Eliseo. Alifunguliwa na Eliseo mwenyewe, hana viatu, soksi tu miguuni.

"Wamekurudisha?"

"Tangu jana. Na wewe?"

"Wamenifungia kupima miezi mitatu."

"Pole." Hakumkaribisha ndani. "Kazi ningepata nyingine, Halina. Kilichoniumiza ni lile swali lako."

"Najua. Niliogopa, nikakuuliza kama dereva yeyote. Nisamehe." Alivuta pumzi. "Lakini kuuliza siwezi kuacha, unanijua. Utanioa?"

Machozi yalimlengalenga Eliseo.

"Ngoja nivae viatu twende kwetu," akasema. "Mama hatanisamehe akiisikia habari hii kwa simu."