Udongo wa Bwana Afya

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, bibi alifungua mlango wa uani akakuta kuku wake kumi na mmoja wamelala chali, miguu juu, kama wageni waliovimbiwa. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amelazwa hospitali tangu jana, mikono ikimtetemeka hata kijiko hakishiki. Daktari alimtibu malaria.

Saa tatu akafika mpelelezi wa polisi, mama mnene asiye na haraka. Nyuma ya ua palikuwa na ukuta wa kiwanda cha dawa za wadudu, kilichofungwa miaka tisa iliyopita. Chini ya ukuta, bustani ya mchicha, walimochakura kuku na kucheza mjukuu, na kaburi la mume wa bibi.

"Kawaua fundi cherehani," bibi alisema. "Aliapa."

Fundi cherehani, jirani yake, hakukana kuapa. "Walinichafulia vitambaa, nikawalaani. Lakini mama, laana yangu ingekuwa kali hivyo, mume wangu angekuwa hai?"

Mpelelezi akacheka, akamwachia. "Na udongo huu?"

"Safi," alijibu bwana afya, mtoto wa bibi na baba wa yule mgonjwa. "Kila mwaka nachimba mwenyewe hapo ukutani, napeleka maabara." Akaonyesha karatasi tisa za majibu. Daktari naye alikuwa amezisoma, ndiyo maana hakufikiria sumu.

Mpelelezi akaomba chai yenye sukari nyingi. Akakaa kando ya ukuta, akaimwaga chini. Saa nne na robo. Saa tano. Hakuja hata sisimizi mmoja. Akainua mawe: hakuna mchwa, hakuna nyungunyungu.

Saa sita alikuwa ofisini kwa bwana afya. Mfuko wa udongo wa juzi ulikuwa ukisubiri gari la maabara, umeandikwa "ukutani". Akaumwaga mezani. Nyungunyungu akajitokeza, akijinyonganyonga.

"Huyu ni mwenyeji wa wapi, baba?"

Bwana afya akatazama dirishani, kwenye maua ya ofisi. Kulikuwa na shimo bichi.

"Twende kwa mwanao," mpelelezi alisema. "Utayasema huko."

Bibi alikuwa hospitalini, kando ya kitanda cha mjukuu. Bwana afya alizungumza akiangalia sakafu.

"Baba alipokuwa anakata roho alinishika mkono. Akasema nisimwache peke yake na ule ukuta. Udongo ungeonekana mbaya, tungehamishwa. Na kila jioni namsikia anakohoa kaburini, mama. Anatuita."

"Hata mimi namsikia," bibi alisema polepole. "Nimelala naye miaka thelathini. Kikohozi chake cha kuita nakijua. Kile ni cha kufukuza, mwanangu. Miaka tisa anatufukuza."

Akamsukumia kalamu. "Mwandikie daktari ulichoficha. Kisha uende na huyu mama."

Aliandika. Daktari akasoma akiwa amesimama, akabadilisha dawa palepale. Alfajiri mtoto akaomba uji.

Bibi hakurudi katika nyumba ile, hata kuchukua kanga. Polisi waliolinda ukuta jioni ya kwanza walisema mtu alikohoa mara moja tu, kama anayesafisha koo, kisha pakawa kimya.