Zambarau Isiyofutika

"Mkoko umekatwa."

Sauti ya redio ndogo ilimwingia sikioni akiwa anakunja shuka. Mbodze hakugeuka. Alilaza pembe juu ya pembe, akalipiga kofi shuka likatulia.

"Rudia," alinong'ona.

"Griffin amekamatwa. Maji yakijaa watampakia kwenye boti ya kasi, wampeleke nje ya mwamba. Hatarudi."

Aliyesema ni Alfani, mkuu wake wa kazi, mtu asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua.

"Kikosi?"

"Kiko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Hakijavuka."

"Basi niko peke yangu."

"Na usifyatue risasi. Hoteli imejaa watoto. Ukifyatua moja tu, watammaliza Griffin kabla hujaufikia mlango."

Mstari ukakatika.

Chini ya taulo, ndani ya toroli lake, bastola yake ya Glock 19 ilikuwa imelala. Leo haina kazi.

Tangu mvua za vuli Mbodze alikuwa akijifanya mtandika vitanda katika hoteli hii ya Diani. Griffin, mwenzake, alikuwa akiuza madafu pembeni ya bwawa la kuogelea. Wote wawili walikuwa wakifuata mzigo mmoja: meno ya ndovu, yaliyoshushwa na malori kwenye mji wa Mackinnon Road, yakaletwa pwani kimya kimya na kushonewa ndani ya magodoro. Jana Griffin alifumua mshono wa godoro moja. Bila shaka kuna jicho lililomwona.

Mbodze alisukuma toroli mpaka bawa la mwisho. Chumba 26, 27, 28. Meneja Lennox alivifunga vyote vitatu, akaviandika "matengenezo". Lakini hakuna fundi aliyewahi kuonekana huko na nyundo.

Mbele ya 27 alikaa Onesmus, mlinzi mwenye mabega kama friji, kwenye kiti cha kitambaa.

"Wee sista, rudi na hiyo njia."

"Nimeleta taulo, kaka."

"Fundi hajipangusi na taulo. Rudi, nimekushow."

Ndani, kisigino kiligonga sakafu. Mara moja. Kikanyamaza.

Yu hai.

Mbodze aligeuza toroli bila haraka, akarudi stoo ya mashuka.

Ukutani ilitundikwa tableti, Samsung iliyopasuka kioo. Ndani yake mlikuwa na jedwali kubwa la Excel lenye vyumba vyote, na kila mkubwa wa hoteli aliliona jedwali hilo hilo kwenye tableti yake. Hoteli hii haikusoma maneno. Ilisoma rangi. Ukiandika SAFI kwenye kisanduku cha hali, namba ya chumba kule pembeni inageuka kijani yenyewe. Ukiandika CHAFU, inakuwa njano.

Na liko neno ambalo hakuna aliyependa kuliandika.

KUNGUNI.

Hapo namba huwa zambarau, na hakuna anayengoja amri. Wageni wanatolewa, vyumba vinapulizwa dawa, magodoro yanabebwa nje. Mwaka uliopita mgeni mmoja alitangaza mapele yake duniani kote, Pasaka nzima hoteli ikalala tupu. Lennox mwenyewe ndiye aliyeitia saini sheria hiyo.

Mbodze alifikiri.

Akiandika KUNGUNI kando ya 27, Lennox atalifuta neno na rangi itakufa palepale. Tableti yake haimtoki mkononi.

Basi neno lisiwe pale.

Alishuka chini ya jedwali. Chini, chini zaidi, mpaka kwenye visanduku ambavyo hakuna aliyepata kuvifikia. Akachagua kimoja. Akarudi juu, akazishika namba 26, 27 na 28, akafungua kanuni za rangi. Akaziamuru: msimtazame jirani. Tazameni kile kisanduku cha chini. Kikiwa na kitu, chochote, kuweni zambarau.

Akaiburuta kanuni yake ikae juu ya nyingine zote.

Kisha akashuka tena, akaandika herufi moja. G. Akaipaka nyeupe juu ya nyeupe.

Akagonga kioo.

"Zambarau!" sauti ya mwanamke ilipasua korido. "Vyumba vitatu! Bawa la mwisho!"

Mama Twaiba, mkuu wa usafi, alitokea na jeshi lake la kina mama, bomba la dawa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika hili bomba, vaa barakoa. Magodoro yote juani!"

Redio ya wafanyakazi ilikoroma. Lennox. "Nani ameweka hiyo rangi? Nani?"

Kwenye tableti, Mbodze alikiona kijisanduku cha meneja kikirukaruka. Kilitua kando ya 27. Kikafuta "matengenezo".

Zambarau.

Kikamwaga rangi nyeupe juu ya namba.

Zambarau.

Kikamwaga tena.

"Haifutiki! Mpigieni Kalama wa kompyuta!"

"Kalama yuko likizo kwao Kinango, bosi," mtu alijibu. "Huko simu hushika akipanda kilima."

Kijisanduku kikaanza kushuka. Mstari baada ya mstari. Lennox alikuwa akitafuta. Kikapita vyumba vyote, kikaingia kwenye weupe mtupu, kikazidi kushuka.

Mbodze alibana meno.

Kikafika mstari wa G. Kikasimama.

Kikapita.

Akaubeba ufunguo wa kadi na kwenda.

Mlangoni pa 27 Mama Twaiba na Onesmus walikuwa wamekaziana macho.

"Hapa hapaingiwi, mathe. Order ya boss."

"Bosi ndiye aliyesaini. Na wewe umekaa hapo tangu asubuhi? Kwenye kiti hicho cha kitambaa?"

Onesmus alikitazama kiti. "Kwani wako kwa kiti?"

"Huanzia hapo hapo."

Mkono ulimwenda shingoni. Akajikuna. Akajikuna tena, na mgongo. "Zii! Nililala nao Mlolongo mwaka mzima. Siwezi rudia!"

Akavuka bustani mbio, shati mkononi.

Kadi ililia. Mbodze akajipenyeza.

Griffin alikuwa sakafuni, mikono nyuma, utepe wa gundi mdomoni. Macho yake yalikimbilia mlango wa bafu.

Mbodze alielewa.

Mtu alitoka na Beretta. Alikuwa mnunuzi wa pembe, mgeni wa hoteli aliyejiandikisha kuwa ni mpiga picha wa samaki.

Bomba likapuliza.

Dawa ilimjaa machoni. Alipopiga kelele Mbodze alikuwa amekwisha mshika kifundo cha mkono. Akakisokota. Bastola ikadondoka zuliani, mtu naye akaifuata. Risasi hata moja haikulia.

Mbodze alichomoa pini ya mtandio wake, iliyokuwa wembe mwembamba wa kauri, akakata kamba za plastiki. Kipande kilichobaki alimfungia mnunuzi.

Griffin alibandua utepe, uso ukamkunjamana. "Nilidhani mmenisahau."

"Mkuu alikataa risasi. Ningekuja mapema."

Nje, kina mama walikuwa wakilivuta godoro la 26.

"Godoro gani hili? Limekula mawe?"

Liliwaponyoka kwenye ngazi. Mshono aliofumua Griffin ukafunguka mdomo wote. Pembe moja iliserereka nyasini, ya pili ikaigonga, ya tatu ikasimama miguuni pa bibi mmoja Mzungu aliyeshikilia glasi ya juisi.

Simu ziliinuliwa, moja baada ya nyingine.

Lennox alifika akihema, tableti mkononi. Aliziona pembe. Aliwaona wageni. Akageukia ufukwe, lakini boti ya kasi ilikuwa imekwisha kata kona kuelekea kisiwa cha Funzi, mkia wa povu nyuma.

Langoni Land Cruiser mbili ziliingia. Kikosi kilikuwa kimevuka.

"Niliifuta," Lennox alisema walipomtia pingu. Alikuwa bado anaitazama skrini. "Niliifuta mara ngapi!"

"Ulikuwa ukifuta inapoonekana, meneja," Mbodze alimwambia. "Chanzo chake hakikuwa pale."

Alirudi stoo. Akashuka chini ya jedwali, chini kabisa, akaifuta herufi moja isiyoonekana. Kule juu, vyumba vitatu viligeuka vyeupe kwa pamoja.

"Mbodze!" Mama Twaiba aliita kutoka nje. "Na hao kunguni wako wapi? Sijaona hata mmoja!"

"Niwie radhi, mama. Hawakuwepo."

Halafu kicheko kirefu kikapanda. "Mwana we! Na mimi nimeanza kujikuna!"

Sikioni, Alfani alikohoa. "Mkoko?"

"Umesimama."

Alitundika tableti kwenye msumari wake, akavua aproni, akaikunja pembe juu ya pembe. Kisha akatoka kwa geti la wafanyakazi, akishika njia ya Ukunda, bila kugeuka.