Mwandiko Kwenye Kadi ya Dhahabu

Tk. Tk-tk.

Kipanya cha kompyuta kilikuwa kinabofywa sebuleni, gizani, kabla hakujapambazuka. Mke akainua kichwa.

"Mume wangu, unafanya nini kwenye kompyuta yangu?"

"Nacheza karata tu, mpenzi. Lala."

Akalala. Kazi yake ilikuwa kubuni fonti, yaani mitindo ya herufi za kompyuta, na alimwamini mwanaume yule mpaka akamtengenezea moja ya kwake peke yake: herufi nyembamba kama uzi wa buibui, alizozichora kutoka kwenye mwandiko wake mwenyewe, wa barua alizomwandikia mumewe enzi za uchumba. Fonti hiyo hakuwahi kumpa mteja yeyote. Ilikaa kwenye kompyuta ile moja tu.

Saa nne asubuhi fundi wa kiwanda cha uchapaji akapiga simu.

"Mama Fonti, nisamehe. Mzee kasema ni siri, anataka kukushtukiza, lakini faili limenigomea. Nikilifungua kwangu, ule mwandiko mzuri unageuka maandishi ya kawaida."

"Faili gani?"

"Kadi za harusi. Si mnafunga upya? Mimi jina lako la kweli hata silijui."

"Nitumie nilirekebishe."

Akalifungua. Herufi zile zile zilizowahi kusema nitazeeka na wewe zilikuwa zimeandika jina la mumewe, na chini yake jina la mwanamke asiyemjua. Binti yake wa miaka sita alikuwa miguuni pake, anakokoteza herufi kwenye daftari. Mama akayameza machozi. Akaongeza mstari mmoja chini ya kadi. Kwa kuwa herufi nyembamba hufifia juu ya karatasi ya rangi ya dhahabu, mstari ule akaunenepesha.

"Mwandiko huu ni wa mke wake wa ndoa, mama wa binti yake."

Fundi alipolipokea faili, alipiga tena, sauti imemshuka.

"Mama Fonti… huu mstari wa chini nao uende?"

"Kwani una uongo?"

"Nauchapa kwa wino mzito, dada yangu."

Kadi zikapelekwa moja kwa moja kwa bibi harusi, kama mume alivyoagiza. Kesho yake jioni ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni:

"Dada, namba yako nimepewa na fundi wa kadi. Aliyetaka kunioa aliniambia ulishafariki. Nimemtupia pete yake mbele ya wajomba zangu wote. Nisamehe."

Akajibu: "Marehemu amekusamehe. Pole, mdogo wangu."

Mlango ukasukumwa. Mume huyo, jasho linamtiririka, kadi imekunjamana mkononi, shati limepoteza vifungo viwili.

"Mke wangu, kuna watu wananichafua! Wamechezea jina langu! Sijui hata ni nani kaandika upuuzi huu!"

"Hujui?"

"Haki ya Mungu sijui!"

Mke akausogeza mlangoni mkoba mkubwa uliojaa nguo za mumewe.

"Nimekufungia na karata zako. Ukacheze huko uendako."

"Nisikilize basi, mama…"

Kadi ikamponyoka. Binti akaiokota, akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu, kama mama yake anavyomfundisha kila jioni. Akamtazama baba yake.

"Huu mwandiko wa mama."