Tusekile Hakuruka Mstari

Tusekile anakaa Tukuyu, mahali penye mvua nyingi na migomba mirefu. Yuko darasa la kwanza.

Mdogo wake anaitwa Gwamaka. Gwamaka ana miaka mitatu, na kazi yake kubwa ni kukaribisha.

Mtu akifika mlangoni husema, "Hodi."
Gwamaka hujibu, "Karibu."

Mlango ukilia kwa upepo, ngwee, Gwamaka husema, "Karibu."

Kuku akichungulia ndani, ko ko ko, Gwamaka husema, "Karibu."

"Huyu mtoto atakuja kumkaribisha hata fisi," Mama husema.

Lakini Mama amewafundisha jambo moja. Mgeni hupewa kiti sebuleni. Hupewa na chai. Ila hata awe mgeni mzuri namna gani, hapiti mpaka kwenye kitanda cha Mama.

Mama husema,
"Sebuleni karibu.
Chumbani hapana."

Baba hayupo nyumbani siku zote. Baba anaendesha lori. Huenda Zambia, hurudi, huenda tena.

Kila jioni hutuma sauti yake kwenye simu ya Mama. Ting.
"Wanangu, leo nimevuka daraja refu sana. Laleni salama."

Sauti zote za Baba zimo ndani ya simu. Ile anayoimba imo. Ile anayopiga chafya imo. Gwamaka anaipenda hiyo ya chafya.

Alasiri moja, Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anakamua ng'ombe. Chwii, chwii, chwii.

Tusekile na Gwamaka walikuwa sebuleni, na simu ilikuwa mezani. Ikalia. Ngri, ngri, ngri.
Tusekile akapokea.

"Hodi hapo," sauti ya mwanaume ikasema.

"Karibu," akajibu Tusekile. Neno lilitoka lenyewe. "Shikamoo."

"Marahaba. Una adabu sana, mtoto. Mimi ni anko wa kampuni ya simu."

Tusekile akawaza. Yeye ana anko mmoja tu, Anko Ambokile, fundi baiskeli. Sauti ya Anko Ambokile ni nene kama ngoma. Huyu hakuwa Ambokile.

"Unajua kusoma namba?" mwanaume akauliza.

"Najua. Mpaka mia."

"Mpaka mia? Basi wewe ni mkubwa. Sasa hivi utaingia ujumbe wenye namba sita. Nisomee."

"Ngoja nimwite Mama."

"Usimwite. Tukichelewa, simu itafungwa. Vyote vilivyomo vitafutika."

Tusekile akashika ukingo wa meza. Vyote? Hata Baba akiimba? Hata chafya?

Ting. Ujumbe ukaingia.

Tusekile akaitazama simu. Namba sita zilikuwa zimejipanga vizuri, moja baada ya nyingine. Zilikuwa rahisi. Angeweza kuzisoma hata kwa jicho moja.

Lakini kabla ya namba kulikuwa na maneno.

Shuleni, mwalimu wao husema, "Soma kuanzia mwanzo. Usiruke mstari."

Tusekile akaweka kidole kwenye neno la kwanza.
"U... si... m... pe."

"Hayo ruka," mwanaume akasema. "Soma namba tu."

"Siruki mstari. Mwalimu amekataza."

"Mwalimu wako hayupo hapo."

"Lakini mstari upo," akasema Tusekile.

Akaendelea na kidole chake, polepole.
"M... tu. Na... m... ba. Hi... i."

Kisha akayaunganisha maneno yote.
"Usimpe mtu namba hii."

"Anko," Tusekile akauliza, "wewe ni mtu?"

"Swali gani hilo? Mimi ni mtu."

"Basi imeandikwa usimpe mtu."

Mwanaume akashusha pumzi, fuuu. "Mtoto, wewe mwenyewe umenikaribisha. Mgeni akishakaribishwa hanyimwi kitu. Kumbe huna adabu?"

Uso wa Tusekile ukawa wa moto. Hajawahi kuambiwa hana adabu. Hata siku moja.

Akatazama kiti cha wageni. Akatazama mlango wa chumba cha Mama, umefungwa.

Kisha akasema,
"Sebuleni karibu.
Chumbani hapana."

"Unasema nini?"

Gwamaka akasogea mpaka kwenye simu, mdomo wake ukaigusa. Akasema kwa nguvu zake zote, "Chumbani hapana."

Kut. Simu ikakatika.

"Ameaga?" Gwamaka akauliza.

"Hajaaga."

"Hana adabu," akasema Gwamaka.

Tusekile hakucheka. Aliishika simu kwa mikono miwili na kukimbia nyuma ya nyumba, Gwamaka akimfuata. Je, kama itafungwa kweli?

"Mama, kuna mtu ametaka namba, nimemnyima. Amesema simu itafungwa. Sauti za Baba zitafutika?"

Chwii, chwii... Mama akaacha kukamua. Ng'ombe akageuza shingo kuona kuna nini.

Mama akafuta mikono kwenye khanga. Akausoma ujumbe. Akausoma tena.

"Umemsomea hata namba moja?"

"Hata moja."

Mama akakaa chini kwenye majani mabichi, kama mtu aliyetua mzigo.

"Sikiliza, mwanangu. Namba hii ni ufunguo. Mtu anayekupigia akuombe ufunguo wa nyumba yako, huyo ni nani?"

"Mwizi?"

"Mwizi. Angeupata, angeingia chumbani mwa simu yangu na kujifanya ni mimi. Baba angetuma sauti, angeisikia yeye. Na sisi tungebaki nje ya nyumba yetu wenyewe, tunapiga hodi."

Tusekile akafikiria wao watatu wamesimama nje kwenye mvua. Hakupenda hata kidogo.

"Sasa sauti zipo?"

"Bonyeza mwenyewe usikie."

Tusekile akabonyeza.
Hachiii, Baba akapiga chafya.
Gwamaka akacheka mpaka akaanguka kwenye majani.

Mama naye akacheka. Kisha akamshika Tusekile kidevu.
"Na siku nyingine, akipiga mtu usiyemjua?"

"Nakuletea simu."

"Hata nikiwa nakamua?"

"Hata ukiwa unakamua. Hata akisema nisikuite."

"Hasa akisema usiniite," Mama akasema.

Maziwa yakachemshwa. Ndizi zikapikwa. Mama akamtumia Baba sauti, akamweleza yote tangu mwanzo. Hakuruka mstari.

Wakala. Wakanawa. Wakaingia kitandani, Tusekile upande wa ukuta, Gwamaka katikati, Mama pembeni na simu yake.

Ting.

Ilikuwa sauti ya Baba. Nyuma yake injini ya lori ilinguruma taratibu, ndu ndu ndu, na watu walikuwa wanazungumza.

"Tusekile, nimewasimulia madereva wenzangu hapa. Mmoja wao alishamtajia mwizi namba kama hizo, naye ni mtu mzima ana ndevu."

Watu wakacheka.

"Mimi niliruka mstari," mtu mmoja akasema kwa mbali. Wakacheka zaidi.

Baba akaendelea. "Wananiuliza, huyo mtoto ni wa nani? Nikawaambia, ni wangu."

Halafu akasema tena, taratibu.
"Ni wangu huyo."

Tusekile akavuta blanketi mpaka kwenye kidevu.
"Mama, irudie."

Mama akairudia.
"Ni wangu huyo," Baba akasema.

Mvua ikaanza juu ya bati. Cha, cha, cha. Gwamaka alikuwa ameshalala, mguu mmoja juu ya tumbo la dada yake.

"Irudie tena, Mama."

Mama akapunguza sauti, akaisogeza simu karibu na sikio la Tusekile.
"Ni wangu huyo," Baba akasema.

Na Tusekile akalala.