Mwosha Mtungi wa Kakheti

Rafiki yangu Malkhazi si mtu wa kuzua mambo, na siku hiyo yeye ndiye aliyeendesha gari, hakuonja hata tone la mvinyo. Yeye na mkewe Eteri walitoka kutazama ngome huko Kakheti, wakapitia ghala la mvinyo lenye mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini. Ndani ya mtungi mmoja, mwanamume alikuwa akiimba.

"Nani huyo?" Malkhazi akamuuliza mkewe.

"Anaosha mtungi, mtoto wa mjini wewe! Lazima aimbe, walio juu wajue hajazimia kwa mvuke wa mvinyo."

"Mbona hapa juu hakuna mtu?"

Wimbo ukakatika.

Wakaukimbilia mtungi. Ulikuwa umefunikwa kwa jiwe. Wakalisukuma pamoja, Malkhazi akiita, "Kaka! Kaka!"

Mvinyo ulikuwa umejaa hadi ukingoni.

Kisha wimbo ukaendelea pale ulipokatikia, na uso wa mvinyo ukatetemeka kwa kila neno.