Msichana Aliyeachwa Kwenye Sura ya Tisa

Asubuhi moja ya mwaka 1956, siku ya soko, kamyo ya dereva Mbonigaba, lori la mizigo na abiria, ilisimama sokoni Mushaki kwa kishindo. Kutoka juu ya magunia kikaanguka kitabu, kikatua katikati ya kapu la maharagwe la Béata.

"We kaka wa huko juu! Unataka kuniua na kitabu?"

Gustave alishuka mbio. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ya walimu huko Masisi, mtoto wa wawindaji wa Kibua, upande wa Walikale. Shati lake lilikuwa jeupe, kaptura ya kaki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mbele yake alikuwa msichana mwenye kitambaa cha njano kichwani, akikung'uta maharagwe kutoka kwenye kurasa, bila haraka.

"Pole, dada. Ni barabara njo imekitupa."

"Barabara haina mikono. Na kinasema nini, kitabu kizito hivi?"

Kilikuwa riwaya ya Kifaransa. Mwalimu wake, mtawa Frère Hubert, alimpa aisome na kuiandikia mawazo yake.

"Iko habari ya kijana anatoka kwao, anaenda kujifunza maisha. Kwanza iko mwoga, kisha anajivuna, kisha..."

"Kisha?"

"Sijafika."

Mbonigaba akapiga honi. "Basi ukifika, upite uniambie," Béata akasema. "Sipendi habari inakatika katikati."

Gustave akapita. Siku za soko zilizofuata aliomba nafasi kwenye kamyo, akaja na sura mpya kila mara. Béata alisikiliza huku akipima viazi, akabisha kila kitu.

"Huyu kijana analia sana. Kwetu tungemupa jembe."

"Ana huzuni, Béata."

"Jembe inatoa huzuni, mupenzi wangu," akasema kwa utani, kisha akainamisha uso kwa sababu ya neno lile la mwisho.

Tangu siku hiyo Gustave alisoma haraka zaidi. Mwandishi alisema mpenzi wa yule kijana alikuwa na nywele za rangi ya mahindi, lakini Gustave kila alipofungua kitabu alimwona na kitambaa cha njano.

Alipokimaliza akamwazimisha Béata, aliyesoma miaka mitano kwa masista na alijua Kifaransa cha polepole. Gustave alisahau ndani yake karatasi ya mawazo yake. Wiki mbili baadaye Mbonigaba alimletea kitabu. Karatasi ilikuwamo, mstari mmoja umepigwa wino chini yake: "Anayetaka kuwa mtu mzima lazima amwache msichana wa kijijini, kama kijana huyu alivyomwacha katika sura ya tisa."

Béata alikuwa ameongeza: "Asante kuniambia mapema. Usipite tena."

"Alisema nini akikupa?" Gustave akamwuliza dereva.

"Hajasema kitu. Hiyo njo mubaya."

Mstari uleule, katika nakala safi aliyokabidhiwa, Frère Hubert aliusifu darasani, na sifa ile ikamchoma. Gustave akarudia sura ya tisa. Msichana alisimama mlangoni kwa mistari mitatu, halafu basi. Kitabu kizima hakikuuliza tena alilala vipi, alikula nini, aliolewa au la. Naye Gustave alipenda kitabu kile kuliko vyote, na bado alikipenda, ila sasa alikuwa na ugomvi nacho. Aliandika mawazo mapya, kurasa nne za kumtetea msichana yule. Jumamosi, kamyo haikuwapo, akatembea tangu alfajiri.

Alimkuta Béata shambani, kitenge kimefungwa juu ya magoti.

"Nilisema usipite."

"Sipiti. Nimefika."

Béata akaendelea kulima.

"Ile maneno niliandika kwa kumupendeza mwalimu."

"Na miye unanitupa kwa kumupendeza mwalimu?"

"Hapana. Niliogopa. Baba yako iko na ng'ombe kwenye kilima. Sisi ni watu wa pori. Nikasema, afazali nijitoe mbele ya kufukuzwa."

Béata akasimamisha jembe. "Ulimuuliza baba?"

"Hapana."

"Uliniuliza miye?"

"Hapana."

"Kumbe kitabu yote hiyo ulisoma bure."

Gustave akacheka kwanza, kwa aibu. Béata alijizuia, akashindwa.

"Wananituma Pinga kufundisha," Gustave akasema. "Iko mbali, na mvua haikauki. Béata, unikubalie nilete wazee?"

"Pinga kuna darasa ya wasichana?"

"Bado."

"Basi walete. Darasa nitaianza miye."

Wazee wa Kibua walikuja kwa miguu siku tatu, na nyama ya kukausha kwa moshi. Papa Nzabandora, baba yake Béata, alionja, akaomba tena. Halafu akamwita binti yake, akamwuliza mbele ya wote, "Unamutaka?"

"Namutaka, Papa."

Walifunga ndoa kanisani, wakahamia Pinga. Siku ya kwanza wasichana kumi na mmoja walikaa kwenye baraza la shule, mvua ikipiga majani ya paa. Ndani, Gustave alisikia sauti ya mkewe ikisema, "Rudia, usiogope," na akasahau kabisa alikuwa anafundisha nini. Wanafunzi wake wakangoja, chaki mkononi mwake haisogei. Hakuwa na haraka.